UMEJUAJE? Maoni juu ya mikutano ya wanafunzi wachunguzi



Mhariri amenipa nafasi niseme neno juu ya jambo ambalo limekuwa likifanywa kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na ambalo naona latuhusu sisi wa shule hii hata kabla hatujafika chuoni. Jambo lenyewe ni mikutano ambamo wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana waliotoka sekondari juzijuzi tu, husimama mbele ya watu na kueleza uchunguzi walioufanya wao wenyewe. Hawasomi hotuba walizoandikiwa, wala hawarudii majibu ya mtihani. Hueleza kazi ya mikono yao na macho yao.

Wako watu wasemao kwamba mikutano hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Vijana huvaa suti, hupachika kadi za majina vifuani, hupigwa picha, hunywa chai, kisha kila mtu hurudi kwao. Mimi nimehudhuria kadhaa, maana kazi yangu ni kufundisha chuoni, na sikatai kwamba chai hunywewa. Lakini maoni yangu ni haya: ukiondoa chai, ukaondoa na suti na kadi, kuna kitu kimoja kinachobaki, nacho ni swali fupi ambalo kila mwanafunzi hana budi kulijibu mbele ya watu. Swali hilo ni "Umejuaje?" Kwa ajili ya swali hilo peke yake, mkutano wa namna hiyo wafaa uletwe katika shule yetu, tena usicheleweshwe.

Kwanza niwape habari zenyewe, ili tusibishane juu ya kitu tusichokijua.

Mkutano wa Marekani unaojulikana sana ulianza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Asheville, mji wa milimani. Chuo hicho si miongoni mwa vile vyenye majina makubwa yanayotajwa kila siku. Tangu hapo mkutano huo umekuwa ukihama mwaka hata mwaka, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na siku hizi huhudhuriwa na maelfu ya wanafunzi. Mwaka 2020 ulivunjwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mwaka 2021 ukafanywa kwa njia ya kompyuta, kila mtu akiwa kwao. Waingereza walianzisha wao mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston. Mwaka 2013 vyuo vya Warwick, Uingereza, na Monash, Australia, vilianza mkutano unaounganisha vyumba vya nchi mbalimbali kwa picha na sauti, hata kijana akisimama upande huu wa dunia aulizwe swali na mwenziwe wa upande wa pili. Kisha wakaanza mkutano wa dunia nzima: mwaka 2016 ulifanywa Doha, Qatar, mwaka 2019 Oldenburg, Ujerumani, na mwaka 2023 Warwick.

Mwendo wake si mgumu kuueleza. Mwanafunzi hutafuta mwalimu wa kumwongoza. Huchagua swali, na mwalimu mwema humwambia alipunguze, halafu alipunguze tena, mpaka liwe dogo kiasi cha kuweza kujibiwa na mtu mmoja. Hufanya kazi yake kwa miezi. Mkutano ukikaribia hupeleka muhtasari wa maneno mia mbili au mia tatu. Akikubaliwa, hupewa njia moja kati ya mbili. Wengine hueleza kazi zao ukumbini kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha huulizwa maswali. Wengine huandika kazi yao juu ya bango kubwa lenye picha na hesabu, husimama kando yake, na watu hupita kama wapitavyo sokoni, wakisimama penye kitu kilichowavutia. Wala msidhani ni mambo ya maabara tu. Utamkuta aliyechunguza wadudu wa mahindi amesimama jirani na aliyechunguza nyimbo za arusi, na wa tatu akieleza historia ya daraja la kijijini kwao.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kusema ukumbini ndiye mwenye kazi ngumu, na mwenye bango amepewa ya rahisi. Mimi nimeona kinyume chake. Mwenye hotuba aweza kujificha nyuma ya karatasi yake mpaka dakika zikaisha. Mwenye bango hana pa kujificha. Mgeni humjia mpaka puani, huweka kidole juu ya hesabu moja na kusema, "Hii hapa, umeipataje?"

Yafaa pia tujue mikutano hii ilitoka wapi, maana asili yake yajibu shaka ya wale wanaotaja utajiri. Ni kweli kwamba chuo kikubwa cha MIT, Marekani, kilianza mwaka 1969 mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika uchunguzi wa walimu wao, chini ya mwalimu mmoja mwanamke, Margaret MacVicar. Lakini chama cha Marekani kinachosimamia kazi hii kilianzishwa mwaka 1978 na walimu wa kemia wa vyuo vidogo. Mjue kwamba katika chuo kikubwa profesa huwa na wanafunzi wa shahada za juu wa kumsaidia kazi. Katika chuo kidogo hana, ana wale vijana wa mwaka wa pili na wa tatu tu. Akitaka kuchunguza jambo, hana budi awaite hao, awafundishe kupima, awavumilie wakivunja chupa, na mwisho awasikilize. Basi mahali hapo upungufu wa watu ndio uliowafungulia vijana mlango. Shule isiyo na vitu vingi isiseme kwamba haiwezi. Labda yaweza zaidi.

Wala habari hizi si za watu wa mbali peke yao. Jirani zetu wa Tanzania wana kisa ambacho kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki yafaa akijue. Mwaka 1963 kijana mmoja, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, upande wa Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka ndani ya friza. Siku moja nafasi ilikuwa haba na kila mtu aliikimbilia. Mpemba akaona kwamba akingoja maziwa yapoe atakosa mahali, akayatia yakiwa bado ya moto. Mwenzake mmoja alitia yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi wakatazama: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni majimaji.

Mpemba alimwuliza mwalimu sababu yake. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha darasani, hata jina lake likawa la kutaniwa kila alipokosea hesabu. Kisha akaja shuleni Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kutoa hotuba, na baada ya hotuba akakubali kuulizwa maswali. Mpemba akasimama akauliza lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni hakusema kwamba ni kweli, wala hakusema kwamba ni uwongo. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wote wawili, mwanafunzi na mwalimu, wakatoa makala katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na mpaka leo jambo hilo laitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Angalieni vizuri nisemalo hapa. Sisemi kwamba neno la Mpemba limethibitika, limekwisha. Mwaka 2016 wachunguzi wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda kwanza. Wako wengine wasiokubaliana nao, na mabishano yanaendelea. Ninalosema ni hili: kwa zaidi ya miaka hamsini wataalamu wa mataifa makubwa wamekuwa wakipima maji kwa sababu kijana mmoja wa Kitanzania aliona kitu, akakisema, na akakataa kunyamaza alipochekwa. Na swali lake lilipata mtu wa kulisikia katika zile dakika chache za maswali baada ya hotuba. Kama siku hiyo mkuu wa sherehe angalisema, "Muda umekwisha, twende tukanywe chai," labda tusingalikuwa na habari yake.

Kuna fundisho lingine katika mikutano hii, nalo ni heshima ya kushindwa. Darasani, mwanafunzi asiyepata jibu la kitabu hupewa alama ya kosa. Katika uchunguzi, aliyetafuta jambo asilione, akaeleza kwa uaminifu alivyotafuta, amefanya kazi. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akisoma kemia London, alijaribu katika likizo ya Pasaka kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria tunayoijua sisi kwa uchungu wake. Alishindwa. Alilopata lilikuwa takataka nyeusi ndani ya chombo. Mwingine angaliimwaga, akanawa mikono na kunyamaza. Yeye aliichunguza, akaona inatoa rangi ya zambarau inayoshika juu ya nguo, na kwa rangi hiyo vikazaliwa viwanda. Si kila takataka nyeusi ina zambarau ndani yake, vijana wangu. Lakini mwenye kuficha alichokiona kwa sababu hakifanani na kitabu, hatajua kamwe.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo penye uzito.

Tangu mwaka 2020 shule zetu za Uganda zafuata mtaala mpya katika vidato vya chini, na mwaka 2024 watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE. Katika mtaala huo sehemu moja ya alama, 20 kwa mia, hutoka katika kazi ifanywayo shuleni, na mwanafunzi hutakiwa afanye mradi. Nia yake ni njema sana. Kijana atoke kwenye kukariri, aende kwenye kutazama na kutenda. Mimi niliufurahia mtaala huu uliposemwa, na naufurahia hata leo.

Lakini jioni moja mzazi mmoja tunayejuana alinipigia simu, akaniomba nimtafutie mtu wa kumfanyia mwanawe mradi, tena akaniuliza bei yake kama aulizavyo bei ya gunia la mahindi. Nilipomwambia kwamba siijui biashara hiyo, alishangaa kweli, akasema, "Mwalimu, mbona wengine wote hufanya hivyo?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba anayeogopa kwamba mwanawe atabaki nyuma peke yake kwa sababu ya uaminifu. Na sasa zimekuja programu za kompyuta zinazoandika insha nzima kabla chai haijapoa, kwa hiyo hata bei ya gunia haihitajiki tena. Tukiendelea hivi, baada ya miaka michache tutakuwa na makabati yaliyojaa miradi mizuri, yenye jalada la plastiki na picha za rangi, na hatutakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza swali.

Watu husema dawa yake ni adhabu, au walimu wawe wakali zaidi katika kusahihisha. Sidhani. Karatasi haiwezi kusema ni nani aliyeiandika. Lakini mradi ulionunuliwa una kilema kimoja: hauwezi kuulizwa swali la pili. Swali la kwanza kijana aweza kukaririshwa jibu lake. La pili, linalotoka katika jibu la la kwanza, hawezi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na urefu wake ni maswali mawili.

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu katika mkutano mmoja wa wanafunzi wa vyuo. Kulikuwa na kijana mwenye bango zuri kupita yote, limepigwa chapa kwa rangi nne. Nikamwuliza kwa nini alichagua kijiji kile kwa uchunguzi wake, wala si kile cha jirani. Akageuka akalitazama bango lake mwenyewe, kama mtu anayetazamia lijibu kwa niaba yake. Hatua tatu mbele yake alisimama msichana mmoja aliyeandika kazi yake kwa mkono juu ya karatasi za manila. Alikuwa amepima maji ya chemchemi moja. Nikamwuliza kwa nini alipima asubuhi tu. Akanijibu bila kusitasita, "Jioni hakuna gari la kunirudisha, bwana. Kwa hiyo juu ya maji ya jioni siwezi kusema lolote." Nawaambieni kweli, jibu hilo lilinipendeza kuliko mabango yote ya ukumbi ule. Msichana huyu alijua anachokijua, na alijua pia mpaka wake uko wapi. Mtu wa namna hiyo akiwa mganga, sitaogopa kumeza dawa zake. Akiwa mhandisi, nitapita juu ya daraja lake nikiimba.

Nazijua hoja za wasiokubali, na haifai kuzipita kimya.

Wa kwanza husema muda hakuna, mitihani imekaribia. Namjibu kwamba mradi umekwisha kuwa sehemu ya mtihani wenyewe. Kuutetea kwa dakika kumi hakuongezi mzigo, kwaupa mzigo maana. Wa pili husema maabara yetu ni duni. Namjibu kwamba chemchemi si duni, soko si duni, wala bibi zetu wanaojua majina ya miti hamsini si duni. Ubao, chaki, karatasi za manila na saa ya ukutani vyatosha. Wa tatu, naye ndiye ninayemheshimu zaidi, husema si adabu yetu mtoto kubishana na mkubwa mbele ya watu. Namjibu kwa unyenyekevu kwamba kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Katika mabaraza ya wazee wetu shahidi aliulizwa, "Uliona wewe mwenyewe, au ulisimuliwa?" na hakuna aliyesema ametukanwa. Swali hilo ni lile lile nililoanza nalo. Hatukulitoa ng'ambo, tulilisahau tu tulipojifunza kukariri.

Neno la nne ni onyo langu mwenyewe kwa ninyi mlioko vyuoni. Siku hizi hutumwa barua nyingi kwa njia ya intaneti zikimsifu mwanafunzi kwa kazi yake na kumwalika katika mkutano wa mbali, mradi tu alipe ada kwanza. Mingine ni mikutano ya kweli, na mingine ni biashara ya kuuza vyeti. Kabla hujaomba fedha kwa wazazi, mwonyeshe mwalimu wako barua hiyo, na ujiulize kama kuna mtu huko atakayeisoma kazi yako na kukuuliza swali gumu. Kama hayupo, fedha hizo mnunulie mama yako mbuzi.

Basi nataka kuliweka shauri langu mbele ya Mkuu wa Shule, walimu na wasomaji wote. Tuwe na siku moja ya wachunguzi kila mwaka, Jumamosi moja ya muhula wa pili, kabla joto la mitihani halijapanda. Iwe na sheria nne tu.

Sheria ya kwanza: kila kazi ielezwe kwa dakika tano na iulizwe maswali kwa dakika tano. Maswali yasiwe mabaki ya muda. Yawe nusu ya kazi.

Sheria ya pili: kila mwenye kazi aanze kwa Kiswahili kwa dakika mbili, hata kama mradi wake umeandikwa kwa Kiingereza. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu lilikipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni; lakini hiyo si sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni kwamba maneno yaliyonakiliwa kitabuni hayavuki mto. Mwenye kuelewa jambo aweza kulivusha kwenda lugha nyingine, na asiyeelewa huachwa ng'ambo. Wengi wetu Kiswahili si lugha ya mama zetu. Vizuri! Hatuna ndani yake maneno makubwa mengi ya kujifichia.

Sheria ya tatu: kusiwe na zawadi ya bango zuri. Kama ni lazima zawadi iwepo, apewe aliyejibu vizuri swali asilolitazamia, na nyingine apewe mwanafunzi aliyeuliza swali bora kuliko yote. Penye kuheshimiwa muulizaji, wajibuji hawakosekani.

Sheria ya nne yatuhusu sisi wanafunzi wa zamani. Tumezoea kuja shuleni siku ya sherehe, tukakaa viti vya mbele, tukatoa hotuba ndefu juu ya mambo yalivyokuwa mazuri zamani. Siku hiyo tuje bila hotuba. Mganga aje, fundi wa umeme aje, karani wa benki aje, mkulima wa kahawa aje, kila mtu na akili yake, tukae na vijana hawa mmoja mmoja na kuwauliza. Tuulize kwa upole, kama mtu anayetaka kujua, tusiulize kama askari anayetafuta mwizi. Kijana akishindwa kujibu, tumwambie, "Basi hilo ndilo la kuchunguza mwaka kesho." Na kijana akitujibu kwa kitu tusichokijua, tukubali kwamba tumefundishwa. Mchango huu hauna harambee wala risiti, na nadhani wapita mabati mengi.

Na ninyi mlio shuleni, msiingoje siku hiyo itangazwe. Chagueni kila mtu swali lake dogo leo. Kwa nini maji ya bomba letu huwa mekundu baada ya mvua? Bodaboda wa njia panda hutumia mafuta kiasi gani kwa siku, na humbakia nini? Mlima ule nyuma ya bweni ulipewa jina lake na nani, na wazee wangapi wanakubaliana? Tafuteni daftari la senti chache, andikeni tarehe, andikeni mlichokiona, na kando yake andikeni mlivyokijua. Mtu akiwacheka, kumbukeni maziwa ya Magamba. Mtu akiwaletea mradi wa kununua, mwulizeni kama atakuja pia kusimama mahali penu swali la pili likija.

Nimesema. Mwenye maoni mengine ayaandike kwa Mhariri, nami nitayasoma kwa furaha, na nitamwuliza: Umejuaje?

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani